Mlango Uliosemekana Umefungwa

"Mfungue pingu," Inspekta alisema.

Sajini alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri. Walikuwa ghorofa ya chini ya jengo jipya la ofisi, mbele ya lifti iliyozungushiwa utepe wa polisi. Aliyefungwa pingu alikuwa fundi umeme wa jengo hilo. Wiki iliyopita, ndani ya shimo la lifti hiyo hiyo, fundi lifti alishukiwa na chumba cha lifti kikambana mpaka akafa. Marehemu alikuwa shemeji wa fundi umeme huyo, mume wa dada yake mkubwa.

"Afande, mkuu wa kituo amesema asifunguliwe."

"Mkuu wa kituo yuko wapi?"

"Kituoni."

"Basi hapa niko mimi. Fungua."

Sajini akafungua. Alikuwa mtu mnene, mpenda amani, na tangu asubuhi alikuwa akimwona bosi wake, mwanamke mfupi asiyejua kunong'ona, amefura kama kifutu. Sababu ilikuwepo. Ripoti iliyoletwa mezani kwake iliandikwa na mkuu wa programu wa kampuni iliyotengeneza mfumo wa kuendesha lifti hizo, na ilimaliza kesi kwa mistari michache: fundi umeme, kwa uvivu wake, aliunga waya ili kukiruka kihisi cha mlango, kile kidude kinachoiambia lifti kama mlango uko wazi au umefungwa. Lifti ikashuka mlango ukiwa wazi, ikamkuta marehemu shimoni. Basi. Mkuu wa kituo alitaka jalada lifungwe. Mama wa marehemu alikuwa ameshamwita fundi umeme muuaji mbele ya ukoo mzima. Na katika wote hao, hakuna hata mmoja aliyekwenda kuutazama huo waya.

"Kihisi kiko wapi?"

Fundi umeme alinyoosha mkono juu ya fremu ya mlango. Vifundo vya mkono vilikuwa vimechubuka kwa pingu. "Pale, afande. Nyuma ya kifuniko cha kijivu."

"Mara ya mwisho ulikifungua lini?"

"Sijawahi kukigusa. Lifti zilikuwa za shemeji. Mimi ni taa na soketi."

Inspekta akakivuta kiti cha mlinzi wa mlangoni, akapanda, akawasha tochi ya simu. Alikaa huko juu kwa muda mrefu kiasi kwamba mlinzi alianza kukihurumia kiti chake.

"Sajini, wewe nyumbani umewahi kupaka rangi?"

"Mara moja. Mke wangu akaniambia nisirudie."

"Ulipofika kwenye kitasa, ulikitoa au ulipaka juu yake?"

"Nilipaka juu kwa juu, afande. Ndiyo maana akaniambia nisirudie."

"Na hawa walikuwa wavivu kama wewe. Wamepaka fremu, wamepaka kifuniko, wamepaka skrubu zake. Rangi imejaa mpaka kwenye mfuo wa bisibisi. Imekauka, haina ufa hata mmoja." Aligeuka, sauti ikapanda. "Rangi hii ilipakwa lini?"

"Kabla jengo halijafunguliwa," mlinzi alisema. "Mimi nilikuwepo."

"Basi tangu jengo lifunguliwe hakuna binadamu aliyetia bisibisi hapa. Hakuna aliyeunga waya. Na bwana mkubwa aliyeandika ripoti hakuwahi hata kupanda kiti!"

Fundi umeme akasogea karibu na kiti, akainua macho.

Inspekta aliomba bisibisi kwa mlinzi, akaitia. Rangi ikapasuka vipande vipande, vikamwangukia Sajini begani. Nyuma ya kifuniko waya zilinyooka kama zilivyotoka kiwandani, na katikati yake taa ndogo ilikuwa ikiwaka kijani. Alimwambia mlinzi afungue mlango kwa ufunguo wa mafundi. Taa ikageuka nyekundu. Ukafungwa, ikarudi kijani.

"Kwa hiyo kihisi kinasema kweli," alisema. "Mlango ukiwa wazi, kinasema uko wazi. Sasa kinamwambia nani?"

"Kompyuta, afande," alijibu fundi umeme. "Lifti za zamani, waya wa mlango wenyewe ulikuwa unakata umeme wa mota. Hizi mpya kila kitu kinapitia kwenye kompyuta. Shemeji hakuzipenda, lakini alikuwa ananiambia, hata hivyo, hakuna lifti duniani inayotembea mlango ukiwa wazi. Siku ile aliuegemeza mlango kwa sanduku lake la spana, kama alivyofundishwa. Alikuwa na haki ya kushuka shimoni."

Inspekta akashuka kitini. Akauliza umeme wa mota ya lifti unawashwa wapi, mlinzi akaenda kuuwasha. Akamtuma Sajini apande juu kwa ngazi. Kisha akafungua mlango wa lifti, akakisukuma kiti kikae nusu ndani ya chumba cha lifti, nusu nje.

"Kila mtu arudi ukutani," alisema, akapiga simu. "Sajini, bonyeza."

Juu ya fremu taa ilikuwa nyekundu. Chumba cha lifti kiliguna, kikaanza kupanda. Miguu ya kiti iliyokuwa ndani ikanyanyuka, kiti kikalala ubavu, kikaburutwa hadi kwenye ukingo wa juu wa mlango. Kikalia kama mfupa unaovunjika. Mgongo wake ukaruka hadi katikati ya ukumbi, na lifti ikaendelea na safari yake huku mlango umeachama.

Fundi umeme aliketi sakafuni, akaupiga ukuta kwa kiganja, akaupiga tena. "Alisema haiwezi! Alisema haiwezi!"

Hakuna aliyemnyamazisha. Sajini alipoteremka akihema, aliviona vipande vya kiti, akavua kofia.

"Twende kwa walioandika ripoti," Inspekta alisema. "Na huyu tunakwenda naye, bila pingu."

*

Kampuni ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo lingine, mtaa wa pili. Ilikuwa na meza nyeupe, skrini kila mahali, na mtambo wa kahawa uliokuwa ukikoroma kuliko mgonjwa. Mkuu wa programu hakuwa amefika. Inspekta alisimama kwenye korido akimsubiri. Lifti ilifunguka, wafanyakazi wakatoka wakicheka, mashati makavu. Baadaye kidogo mlango wa ngazi ukasukumwa, akatokea mwanamume mrefu, nadhifu, jasho likimtiririka hadi kwenye kola.

"Karibuni sana, maafande. Samahani, niko katika mazoezi."

"Pole kwa mazoezi," Inspekta alisema.

Ofisini kwake alisikiliza habari za rangi na kiti bila kupepesa. Alipomaliza kusikiliza, alivuta pumzi kama mtu anayesikitika.

"Basi nitasema nilichokuwa nakificha kwa huruma. Tunaye msichana hapa, wanamwita Koma. Ni hodari, lakini mzembe. Kuna moduli bandia, kitu cha majaribio, kinachosema mlango umefungwa hata ukiwa wazi. Ameiandika yeye. Jina lake liko juu kabisa, tazama mwenyewe. Kama imeingia kwenye lifti, ni yeye."

"Na ripoti yako ya waya?"

"Ilikuwa dhana ya kitaalamu."

"Dhana." Inspekta aliegemeza viganja vyote viwili juu ya meza yake. "Kuna mtu amelala selo kwa ajili ya dhana yako. Ana dada mjane asiyeweza kumtazama usoni. Usitoke humu. Sajini, kaa naye. Akitaka kwenda chooni, mwambie hiyo nayo ni dhana."

Koma alikuwa kwenye meza ya pembeni, msichana mwembamba mwenye sauti ndogo. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuacha mkato ukae mahali pabaya, iwe kwenye programu au kwenye tangazo la choo. Macho yake yalikuwa mekundu. Inspekta akavuta kiti, akamwonyesha fundi umeme naye akae.

"Kuna moduli bandia?"

"Ipo."

"Nani ameiandika?"

"Mimi."

"Inasema mlango umefungwa?"

"Siku zote. Ndiyo kazi yake."

"Binti, unajua unachokisema?" Inspekta alipaza sauti mpaka mtambo wa kahawa ukaonekana umenyamaza. "Kuna mtu amekufa! Eleza. Moduli ni kitu gani? Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Mama ni mhandisi, afande."

"Basi nieleze kama unavyomweleza polisi!"

Koma akavuta pumzi. "Ni mkoba. Ndani yake kuna aina za data na vitendakazi, yaani vipande vya programu, kila kimoja kinapokea kitu na kutoa jibu. Sasa kuna kitendakazi kikubwa kinaitwa *endesha*. Hicho ndicho kinachoamua lifti iende au isimame. Lakini chenyewe hakijui lolote kuhusu milango. Kinapewa. Kwa kawaida kitendakazi unakipa namba, au neno. Lugha tunayotumia inakuruhusu kukipa moduli nzima kama kigezo, yaani kile kitu kinachopokewa. Mkoba mzima, mkononi. *Endesha* inapewa moduli ya kihisi, inaiuliza, mlango umefungwa? Inachojibiwa ndicho inachoamini."

"Kwa nini msiunge kihisi humo humo ndani mkamaliza?"

"Kesho mteja akileta kihisi cha kiwanda kingine, tunabadilisha moduli tu, *endesha* haiguswi. Na hapa mezani hatuna lifti. Tukitaka kuijaribu tunaipa moduli bandia, tunajua itajibu nini."

"Kama soketi," fundi umeme alisema ghafla. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Soketi haiulizi plagi ni ya pasi au ya taa."

"Ndiyo, kaka. Ila hii soketi ina mkaguzi mkali sana." Koma alimgeukia, na kwa mara ya kwanza akazungumza bila kutetemeka. "Kabla programu haijakubali kutengenezwa, kuna kikaguzi cha aina kinasoma kila kitu. Kila moduli ya kihisi lazima itimize orodha yetu ya mambo ambayo lazima yawemo, majina yake na aina zake. Tunaiita sahihi. Likikosekana hata moja, kikaguzi kinakataa, hupiti hata ukilia."

"Na ya bandia ilipita?"

"Ilikuwa na kila kitu. Kikaguzi kinatazama umbo, afande. Kama umesema utatoa jibu la ndiyo au hapana, kinahakikisha unatoa ndiyo au hapana. Hakiwezi kujua kama ulikwenda kuutazama mlango."

"Kumbe sahihi si lazima iwe sahihi."

Koma hakucheka. Inspekta naye hakuwa amesema ili mtu acheke. Alikuwa amesimama, anatembea huku na huku nyuma ya viti.

"Twende polepole. *Endesha* inachaguaje moduli?"

"Haichagui. Yule anayeiita ndiye anayeipa."

"Kwa hiyo mwandishi wa *endesha* hana kosa."

"Nadhani hana."

"Na mwandishi wa bandia aliandika kitu cha mezani, kikabaki mezani. Swali langu ni moja tu. Siku programu ilipotoka humu kwenda kwenye lifti, ule mstari wa mwisho unaosema *endesha* ipewe moduli fulani, aliuandika nani?"

"Mimi sikuwepo. Mama aliugua, nikaenda kumuuguza. Niliuacha mstari huo mtupu, nikawaambia wasizindue mpaka nirudi."

"Kwa nini mtupu? Moduli ya kweli haikuwepo?"

"Ilikuwepo, haijakamilika. Mteja aliomba kihisi kiwe kinaripoti na kasoro zake chenyewe, kikiharibika. Nikaongeza kwenye sahihi kitu kinachoitwa *kasoro*. Ya bandia nikaitimizia hapo hapo, maana ni mstari mmoja wa uongo. Ya kweli ilihitaji maelezo kutoka kiwandani, hayajaja. Niliporudi, lifti zilikuwa zinafanya kazi. Nilimwuliza bosi. Akaniambia kila kitu kiko sawa, wameimalizia wenyewe."

"Wameimalizia akina nani?"

Koma alitazama chini. "Kuna watu wawili tu wenye ruhusa ya kutoa programu nje. Mimi na yeye. Sikuuliza zaidi. Yeye ni bosi."

"Lifti ya jengo hili inaendeshwa na programu ya nani?"

"Yetu."

Inspekta akaacha kutembea. Akakumbuka kola iliyolowa jasho.

*

Aliingia ofisini kwa mkuu wa programu peke yake, akafunga mlango taratibu. Ukimya wake ulimwogopesha Sajini kuliko makelele.

"Umenisaidia," alimwambia yule mtu. "Msichana amekiri. Ni mzembe kama ulivyosema."

Mkuu wa programu akalegea mabega. "Inasikitisha."

"Tena ni zaidi ya uzembe. Anasema moduli ya kweli ilikuwa tayari mezani kwake, safi, na mtoto yeyote angeweza kuichomeka. Anasema ninyi wakubwa hamjui tena kuandika programu, mnajua mikutano. Anasema wewe ungeshindwa hata kujua iko wapi."

"Tayari?" Uso wa mtu yule ulibadilika rangi. "Amesema tayari? Alituachia takataka! Wateja wako mlangoni, waalikwa wanakuja, nimekaa hapa jioni nzima naichomeka, mashine inaitema, haina *kasoro*, haina *kasoro*, kila nikijaribu inaitema! Mtoto yeyote! Angekuwa amemaliza kazi yake nisingelazimika…"

Akaushika mdomo kwa kiganja.

Sajini, kwenye kona, alikuwa ameacha kutafuna kalamu.

"Usingelazimika nini?" Inspekta aliuliza.

"Ilikuwa ya muda tu. Nilitaka ziwake siku ya uzinduzi. Ningeibadilisha."

"Ya kweli ikakataliwa kwa kuwa ina pengo, ukachukua ya uongo kwa kuwa haina. Uliijua ni ya uongo?"

Yule mtu aligeuza macho dirishani.

"Uliijua. Unapanda ngazi mpaka ghorofa ya juu na jasho linakutoka, wafanyakazi wako wanapanda lifti wanacheka, hukumwambia hata mmoja wao! Fundi alipokufa ulijua ndani ya saa hiyo hiyo amekufa kwa nini. Ukakaa kwenye kiti hiki ukatafuta mtu wa kumtwika lawama!" Aliipiga meza, kikombe kikaanguka. "Sasa niambie, majengo mangapi mengine?"

"Siwezi kutoa taarifa za wateja bila idhini ya…"

"Koma!" Inspekta aliita, na kwa sekunde moja mkuu wa programu alidhani ameamriwa yeye kukoma. Mlango ukafunguka, msichana akachungulia. "Unaweza kuzisimamisha lifti zote kutoka hapa?"

"Kwa utaratibu, ndiyo. Kila lifti itafika ghorofa iliyo karibu, itafungua, itazima."

"Zisimamishe."

"Afande, kuna hospitali ya wazazi," mkuu wa programu alisema akisimama. "Kuna mkataba! Lazima nipige simu kwanza, lazima mwenyekiti…"

"Pigia hospitali, waambie wabebe wagonjwa kwa ngazi na waweke mtu kila mlango. Hiyo ndiyo simu pekee utakayopiga. Koma, zima!"

Vidole vya msichana vilikimbia juu ya kibodi. Kwenye korido, lifti ya jengo ikatoa mlio mfupi, ikafungua mlango, ikazima taa. Wafanyakazi walitoka kwenye meza zao wakaizunguka. Hakuna aliyeingia. Sajini alimkamata mkuu wa programu akamsomea haki zake, akikosea maneno kwa hasira, akarudia kuanzia mwanzo ili wakili asije akapata pa kushika.

*

Mchana huo Inspekta alimpeleka fundi umeme nyumbani kwa dada yake. Angeweza kumtuma Sajini. Lakini fundi alikataa kushuka garini.

"Mimi nikisema sikuua, wataamini nini? Nenda ukaseme wewe. Ninyi ndio mlionichukua."

Sebuleni walikuwemo mjane na mama wa marehemu, mwanamke mkubwa aliyekaa wima bila kuegemea. Inspekta alisimama, akaeleza. Hakutumia neno moduli. Alisema kuna mtu aliyepaswa kuiwekea lifti macho, macho yakawa hayajawa tayari, akaiwekea kitu kinachosema ndiyo kila kinapoulizwa. Alisema mtu huyo alijua. Alisema fundi umeme hakugusa waya wowote.

Mjane alitoka mbio kwenda garini, kanga ikimvuka. Walisikika nje, dada na mdogo wake, wakilia kwa sauti moja.

Mama wa marehemu hakusogea.

"Huyo mtu alijua," alisema.

"Alijua, mama."

"Na huu waya. Mliutazama lini?"

"Leo asubuhi."

"Leo." Yule mama alisimama, na kila mtu chumbani akamwona jinsi alivyo mrefu. "Mwanangu nimemzika. Kijana huyu alimbebea jeneza, mkaja kumtoa hapa kwa pingu mbele ya watoto. Nikamtukana. Nikamtemea mate. Nikasema polisi hawawezi kumchukua mtu hivi hivi, lazima wameona kitu. Na ninyi hamjaona kitu! Ilikuwa kazi ya kupanda kiti!"

Kila neno Inspekta alilokuwa amelitamka siku ile kwa watu wengine lilikuwa limemrudia, na hakuwa na mtu wa kumpasia.

"Ndiyo, mama," alisema.

"Ondoka hapa. Na huyo wa lifti akifikishwa mahakamani, uje mwenyewe kunichukua. Nitapanda ngazi zote."

Kisha akampita, akatoka nje kumwomba fundi umeme msamaha.